Kola ya Iridium shingoni mwa mbwa mwitu: tathmini kwa wanaotafuta windo la kulungu

Anayetaka kujua mbwa mwitu wa nchi za baridi (wolf) wanazunguka hadi wapi atatosheka na karibu kola yoyote. Anayetaka kujua wameua kulungu (deer) wangapi, wa umri gani na mahali gani, uchaguzi unambana mara moja. Tathmini hii ni ya huyo wa pili. Tunapima kola ya GPS inayotuma data kupitia satelaiti za Iridium, inayokubali kubadilishiwa ratiba ikiwa bado shingoni mwa mnyama, na yenye kifyatuo cha kuidondosha. Zinatengenezwa na kampuni kadhaa: Vectronic Aerospace ya Berlin, Lotek ya Ontario, Telonics ya Arizona, Followit ya Uswidi. Hazilingani kwa kila kitu, lakini katika kazi ya kutafuta mawindo, aina ya kola na ratiba utakayoipa vina uzito kuliko nembo iliyo juu ya kasha.

Hukumu yetu tuiseme mapema: ni kifaa bora kilichopo kwa kazi hii, na bado hakioni kulungu hata mmoja. Kinatoa nukta za mahali na saa, basi. Kulungu anapatikana kwa miguu. Mradi unaonunua kola kumi bila fungu la kuwalipa watu wa kuingia msituni kila siku utaishia na ramani nzuri za mizunguko na hesabu ya mawindo isiyoaminika.

Kola za kwanza zilikuwa za redio ya VHF. Mtafiti David Mech alianza kuwafunga mbwa mwitu wa msitu wa Superior, kaskazini-mashariki mwa Minnesota, mwaka 1968, na kwa miaka mingi njia ilikuwa ile ile: ndege ndogo, antena, masikio, kuzunguka hadi mnyama aonekane. Wakati wa baridi ilifaa, maana mzoga ulio juu ya barafu ya ziwa unaonekana kutoka angani na kundi hulala karibu nao. Majani yakishachipua, huoni kitu. Kola za GPS za miaka ya 1990 nazo zilikuwa na dosari yao: serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Uvurugaji huo ulizimwa Mei 2000. Leo, chini ya miti, tarajia kosa la kama mita 10 hadi 20, likiongezeka kwenye mabonde yenye kuta kali.

Hata hivyo usinunue kola ya GPS isiyo na VHF ndani yake. Siku satelaiti zitakapokaa kimya, mdundo huo wa redio ndio pekee utakaokufikisha kwenye kola.

Sasa ratiba, ambayo ndiyo moyo wa kifaa. Kulungu wa mkia mweupe aliyekomaa hulishikilia kundi kwa saa kadhaa, pengine siku nzima, na wanyama hurudi kutafuna mifupa. Windo kama hilo hata nukta ya kila saa italinasa. Watafiti wa Skandinavia mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitumia nukta za kila saa au nusu saa kukadiria mauaji ya musi, kulungu mkubwa kuliko wote, na walifanikiwa kwa sababu mzoga wake hauishi upesi. Kulungu wadogo wa huko walikuwa rahisi zaidi kuwapita.

Ndama wa kulungu ni habari nyingine kabisa. Anazaliwa mwishoni mwa Mei au Juni akiwa na kilo 2 hadi 4. Mbwa mwitu mmoja anaweza kummaliza ndani ya nusu saa na kuondoka. Kwa mwendo wa mchakamchaka, wa kama kilomita 8 kwa saa, kola ya nukta ya kila saa itaonyesha pointi mbili zilizo mbali na, kati yake, mstari ulionyooka unaoonekana kama safari ya kawaida. Ndama keshaliwa na takwimu hazina habari. Ndiyo maana mradi wa mbwa mwitu wa Voyageurs, huko huko Minnesota, uliweka nukta kila dakika 20 na kutembelea mahali ambapo mnyama alikaa dakika 20 au zaidi ndani ya mita 200. Hiyo ndiyo ratiba tunayoipendekeza kwa kiangazi. Dakika 30 zitakubalika kama fedha zimebana. Saa moja kwa ndama ni kupoteza muda.

Gharama ya dakika 20 inalipwa na betri, na hapa wauzaji hupenda kutaja umri wa kola kwa miaka bila kusema ni kwa nukta ngapi kwa siku. Waulize idadi ya nukta, si miaka. Tuchukue mfano wa betri yenye uwezo wa nukta 13,000. Nukta kila dakika 20 ni 72 kwa siku, na betri inakufa baada ya kama siku 180. Ila mtu hahitaji dakika 20 mwaka mzima. Weka dakika 20 kuanzia tarehe 15 Mei hadi 30 Septemba: siku 139, nukta 10,008. Siku 226 zilizobaki weka nukta kila baada ya saa 6: ni 904. Ukitaka mwezi mmoja wa baridi wenye nukta ya kila saa, ongeza 600. Jumla 11,512. Zinabaki kama 1,500 za kufidia majaribio yaliyoshindikana, ambayo nayo hula betri kama yaliyofanikiwa, na mara nyingi zaidi, kwa sababu kola hutafuta satelaiti hadi muda wake wa kukata tamaa ufike.

Jambo linalowashangaza wengi: nukta moja ya ratiba ya dakika 20 hutumia umeme kidogo kuliko nukta moja ya ratiba ya saa 6. Kipokezi cha GPS huhifadhi taarifa za njia za satelaiti, na taarifa hizo huchakaa baada ya saa chache. Kikiamka kabla hazijachakaa, kinapata mahali ndani ya sekunde chache. Kikiamka baadaye, kinalazimika kuzipakua upya, kazi ya nusu dakika au zaidi, ndefu zaidi chini ya misonobari. Kwa hiyo hesabu ya hapo juu ni ya tahadhari upande wa kiangazi na ina matumaini kidogo upande wa baridi.

Betri zenyewe kwa kawaida ni za lithiamu thionili kloridi, zinazovumilia baridi kali. Zina tabia moja ya kuijua: zikikaa ghalani muda mrefu, hujenga utando ndani yake na voltiji hushuka ghafla zinapoanza kazi. Kola iliyolala mwaka mzima kabatini iwashwe siku kadhaa kabla ya kufungwa, iachwe nje mahali peupe, na uhakikishe kwamba inapata nukta na kwamba ujumbe unafika kwenye akaunti yako. Jaribio la ndani ya ofisi dirishani halihesabiki.

Kwa nini Iridium na si mtandao mwingine? Globalstar ni nafuu na kola zake ni nyepesi, lakini kwa kawaida mawasiliano ni ya upande mmoja: kola inasema, haisikii. Argos ni ya zamani na ya kuaminika ila hubeba data kidogo. Kola za simu hufanya kazi vizuri sana palipo na minara, yaani mahali ambapo mbwa mwitu wengi hawapo. Iridium huongea pande zote mbili. Ukigundua katikati ya Juni kwamba jike uliyemfunga hakuzaa na anazurura peke yake, unambadilishia ratiba siku hiyo hiyo. Ukitaka kuokoa betri, unampunguzia. Kwa kazi ya mawindo, uwezo huo peke yake unatosha kulipia tofauti ya bei.

Kuna udhaifu wake. Kutuma ujumbe hula umeme zaidi kuliko kupata nukta, kwa hiyo kola hufunga nukta kadhaa katika ujumbe mmoja. Ukizifunga 12, nukta 72 za siku zinakwenda kwa jumbe 6, na unapata habari kila saa 4. Ukiweka ujumbe mmoja kwa siku, utafika kwenye mzoga wa ndama ukiwa umechelewa siku nzima zaidi, na kunguru, tai na dubu hawakusubiri. Tena ujumbe unaweza kukwama mnyama akilala juu ya antena au akiwa ndani ya pango. Kola nzuri hutunza nakala kamili ndani yake na kujaribu tena. Hakikisha yako inafanya hivyo, na kwamba nakala hiyo inasomeka hata betri kuu ikiisha.

Kifyatuo ndicho sehemu tunayoiamini kidogo kuliko zote. Cha saa hufunguka baada ya idadi ya wiki uliyoipanga. Cha amri hufunguka kwa ishara ya redio au ya satelaiti. Vyote viwili hushindwa mara kwa mara: barafu imeziba, uchafu na manyoya vimejaa kwenye bawaba, au betri ndogo ya kifyatuo imekufa kabla ya ile kubwa. Panga kifyatuo cha saa kifunguke wakati betri kuu bado ina akiba, ili VHF iendelee kulia kola ikiwa chini, na kisiangukie katikati ya Januari ambapo kola itafukiwa na theluji. Kwa mnyama ambaye bado anakua, kipande cha pamba kinachooza na kukatika ni bima ya ziada ya bei ndogo.

Uzito: kanuni inayotumika sana ni kola isizidi asilimia 3 ya uzito wa mnyama. Kola ya gramu 600 kwa mbwa mwitu wa kilo 30 ni asilimia 2. Kwa mdogo wa kilo 20 tayari ni asilimia 3, na shingo yake bado inanenepa. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya mkanda na shingo, ukipima kwenye ngozi na si juu ya manyoya, maana manyoya ya baridi hudanganya. Kola iliyolegea huteleza hadi kwenye taya au kunasa mguu wa mbele; iliyobana hukata ngozi. Kasha la betri likae chini ya koo na antena ya GPS juu ya shingo, ikiangalia mbingu. Ikizunguka upande, nukta nyingi zitapotea.

Na sumaku! Kola nyingi huzimwa kwa sumaku iliyobandikwa juu ya kasha. Imeondolewa, kola imewaka. Haijaondolewa, umemfunga mnyama mkanda wa gramu 600 usio na kazi. Iandikwe kwenye fomu ya ukamataji kama mstari wa lazima, pamoja na masafa ya VHF, na mtu wa pili asikilize mdundo kwa kipokezi kabla dawa ya usingizi haijaisha.

Ukamataji hatutauchambua kwa kirefu. Kiangazi hutumika mitego ya mguu yenye mipira kwenye taya, inayokaguliwa kila siku mapema asubuhi. Baridi hutumika helikopta na bunduki ya sindano. Yote yanataka vibali na daktari wa wanyama au mtu aliyefunzwa, na huko Minnesota mbwa mwitu wanalindwa na sheria ya shirikisho. Joto la mwili likipita nyuzi 40, kazi ya kola inasimama na kazi ya kupoza inaanza.

Turudi kwenye nukta, maana hapa ndipo kola inapothibitisha au kupoteza thamani yake. Programu inakutafutia vishada: nukta mbili au zaidi mfululizo zilizo ndani ya umbali uliouchagua, kwa mfano mita 200. Vingi kati ya hivyo ni malalo tu. Vingine ni pango, au mahali pa kukutania na watoto. Mnyama mmoja kwa kiangazi kimoja atakupa mamia ya vishada. Kishawishi ni kuvichagua kwa macho, kwenda kwenye vinavyofanana na windo. Usifanye hivyo kwa ndama, kwa sababu kishada cha ndama kinafanana kabisa na kishada cha usingizi mfupi. Ama utembelee vyote, ama uchague kwa bahati nasibu na urekodi ulivyoviacha, ili hesabu iweze kusahihishwa baadaye.

Nenda baada ya mnyama kuondoka, si kabla. Kumfukuza kwenye mzoga kunaharibu kipimo unachokitafuta. Lakini usikawie: ndama anahitaji siku moja au mbili tu kupotea kabisa. Ingia na nukta zote za kishada kwenye GPS ya mkononi, anza kwenye nukta ya kwanza, kisha tembea kwa mistari iliyo karibu karibu hadi mita 50 kuzunguka kila nukta. Kwa kulungu mkubwa utaona manyoya yaliyotawanyika, majani yaliyosagwa kutoka tumboni, taya, miguu. Kwa ndama huenda ukapata kwato, vipande vya fuvu na manyoya yenye madoa, vyote vikitosha kwenye kiganja. Mbwa aliyefunzwa kunusa huongeza upatikanaji, na wakati wa majani marefu tungemchagua yeye kabla ya kuongeza kola nyingine.

Kupata mzoga si kuthibitisha mauaji. Mbwa mwitu hula pia kulungu waliogongwa na magari na matumbo yaliyoachwa na wawindaji wa Novemba. Chuna ngozi iliyobaki ya shingo na mapaja: damu iliyovilia chini yake karibu na matundu ya meno inaonyesha mnyama aling'atwa moyo ukiwa bado unapiga. Angalia damu iliyorukia vichaka, ardhi iliyochimbuliwa, njia ya kukokota. Vunja fupa la paja: uboho mweupe na mgumu ni wa mnyama aliyekuwa na akiba ya mafuta, mwekundu unaotepeta kama uji ni wa aliyekonda. Kipimo hicho ni cha waliokomaa. Uboho wa ndama ni mwekundu kwa asili. Chukua taya kwa ajili ya umri, na uandike kiwango cha uhakika: imethibitishwa, huenda, haijulikani. Tafiti zinazokosa safu hiyo ya tatu tunazisoma kwa mashaka.

Ni yapi ambayo kola hii haitakupa hata ukifanya yote hayo? La kwanza ni mbio zenyewe. Dakika 20 ni muda wa kutosha kulungu kuonwa, kukimbizwa, kuuawa na kuanza kuliwa. Ili kuona mbio unahitaji nukta za sekunde, na betri haiwezi kuzibeba kwa muda mrefu. Baadhi ya kola hutumia kihisi cha mwendo kuwasha nukta za haraka mnyama anapokimbia. Wazo ni zuri, lakini mbwa mwitu hukimbia pia akicheza, na betri haitofautishi. La pili ni kundi zima. Wakati wa baridi kundi hutembea pamoja, kola moja au mbili kwa wazazi zinatosha. Kiangazi kila mmoja huwinda kivyake, na kola moja inakwambia habari za mnyama mmoja tu. Kuzidisha mawindo yake kwa idadi ya kundi ni kosa, kwa kuwa jike anayenyonyesha, mwana wa mwaka jana na dume mzazi hawana kazi moja.

Nyongeza zinazouzwa pamoja na kola zinatofautiana kwa faida. Kihisi cha mwendo kinafaa kutenganisha malalo na mlo, ingawa si kwa uhakika kamili. Kichukue kama hakiongezi gramu nyingi. Kola ya kamera ni ya ajabu na ya muda mfupi. Ile iliyotumika Voyageurs ilirekodi sekunde 30 mwanzoni mwa kila saa ya mchana na kuonyesha mbwa mwitu akila samaki, jambo ambalo nukta peke yake zisingelionyesha. Lakini sekunde 30 kwa saa hazihesabu mawindo, usiku haupo, na lazima kola ipatikane ili kadi isomwe. Kihisi cha ukaribu, kinachotambua mbwa mwitu na kulungu wote wenye kola wakikaribiana, kinahitaji wanyama wengi wa pande zote mbili ili kitoe matukio machache.

Kama fedha zinatosha njia moja tu na swali lako ni kulungu wanakufaje, si mbwa mwitu wanakula nini, wafunge kulungu badala yake. Kwa ndama kuna kola nyepesi zinazotanuka, na kuna kisukuma mawimbi kidogo kinachowekwa ndani ya jike mwenye mimba na kutoka siku anayozaa, ili ujue pa kumtafuta mtoto. Ishara ya kifo huja kola ikitulia saa kadhaa. Ukiiweka saa 4 utakimbilia ndama waliolala tu. Ukiiweka saa 12 mzoga utakuwa umekwisha. Tungeanza na saa 4 kwa wiki za mwanzo na kuvumilia usumbufu.

Mambo madogo yanayoharibu misimu: antena ya VHF iliyotokeza nje hutafunwa na wenzake, chagua iliyoshonwa ndani ya mkanda. Saa za kola ni za UTC, saa ya pamoja ya dunia, si za mahali ulipo. Zibadilishe mara moja, mahali pamoja, na uandike kwamba umezibadilisha, la sivyo mauaji ya alfajiri yatahamia mchana kwenye grafu. Futa nukta za siku kola ilipokuwa bado kwenye gari. Hifadhi nakala kwenye Movebank, hazina ya data inayotunzwa na taasisi ya Max Planck huko Ujerumani na isiyotoza ada. Na kola iliyoanguka usiitupe: watengenezaji wengi huweka betri mpya na mkanda mpya kwa gharama ndogo kuliko kununua nyingine, ila itume kiwandani mara tu baada ya msimu, kwa sababu foleni ya matengenezo huwa ndefu na mitego hufunguliwa Mei.